Anasoma bila kukwama, lakini neno geni likitokea anabahatisha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mabawa hapa Tanga. Nakuandikia kuhusu binti yangu wa pili, yuko darasa la nne. Kusoma anasoma. Mpe ukurasa wowote wa Kiswahili atauteremsha mpaka chini bila kukwama, sauti nzuri, vituo anavizingatia. Wageni wakija baba yake humwita asome gazeti wamsikie. Kwa hiyo miaka yote hii tulijua mtoto hana tatizo.

Muhula huu mazoezi ya ufahamu yamekuwa yakirudi yamejaa wino mwekundu. Maswali ya nani alifanya nini anapata. Anakokwama ni kwenye yale ya "neno hili kama lilivyotumika katika habari lina maana gani". Hapo anajaza chochote. Nikaanza kukaa naye jioni nikishafunga genge, ili nione mwenyewe.

Juzi alikuwa anasoma hadithi, akafika kwenye sentensi hii: "Upepo ulipokata, nahodha akaamuru tanga lishushwe na mabaharia washike makasia." Nikamuuliza, hapo imekuwaje? Akanijibu bila wasiwasi, "Nahodha kawaambia watu washuke Tanga." Ndugu zake walicheka mpaka akalia. Tangu siku hiyo akifika kwenye neno asilolijua analipitia mbio kwa sauti ndogo, kama anayepita mbele ya mbwa.

Nyumbani na shuleni kila mtu ana lake. Mwalimu wake wa Kiswahili huwapa maneno kumi kila wiki, wayatafute kwenye kamusi na kuyaandika pamoja na maana zake. Anayaandika vizuri, Ijumaa anapata kumi kwa kumi, Jumatatu ukimuuliza hayapo. Kijana anayemfundisha tuisheni kaniambia nisimpe maana hata kidogo, nimwambie akisie kutokana na sentensi. Nikimwambia akisie, anatupa jibu la kwanza linalomjia, likikosewa anatupa la pili, huku ananitazama usoni aone kama nimekubali. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anasema tunamtesa mtoto wa watu, aambiwe maana aendelee na kitabu chake. Kuna siku naona bibi ndiye mwenye akili kutuzidi wote.

Mimi niliishia darasa la saba, Shangazi, na maneno mengine hata mimi siyajui. Nishike lipi: kamusi, kukisia, au kumwambia? Niongeze siku za tuisheni? Na mdogo wake wa darasa la pili, ambaye anasoma kwa kutazama picha, nimwache kwanza au nianze naye mapema?

Mama wa Mabawa, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa majukumu.

Kwanza mbembeleze huyo binti. Jibu lake la "washuke Tanga" si jibu la mtoto mjinga. Alikutana na neno asilolijua, akatafuta pa kulishikiza, na lililokuwa karibu naye kuliko yote ni jina la mji anaoishi. Akajenga habari yenye maana: kuna chombo, kuna nahodha, kuna watu wanashuka. Wapo watoto wengi ambao wangeisoma sentensi ile kwa sauti nzuri na wasijenge chochote kichwani. Kilichompungukia ni hatua moja, kulirudisha jibu lake kwenye sentensi na kuangalia kama maneno mengine yanalikubali. Hatua hiyo utamfundisha wewe, na hilo darasa la saba lako linatosha kabisa.

Hebu tuitazame sentensi yenyewe, maana ni nzuri sana kwa kazi hii. "Tanga" imeandikwa kwa herufi ndogo. Jina la mji huanza kwa herufi kubwa, na mtoto wa darasa la nne keshafundishwa hilo. Halafu kuna "lishushwe". Hiyo "li" ya mwanzo ni zawadi ambayo Kiswahili kinampa msomaji bure. Watu tungesema "washushwe". Mji tungesema "Tanga imekua". Ukikuta "li" ujue kinachozungumzwa ni kitu cha jamaa moja na jembe, dirisha, gari. Kwa hiyo kinachoshushwa pale ni kitu, wala si abiria. Kisha utazame mwanzo na mwisho: upepo umekata, kitu kimeshushwa, watu wameshika makasia. Mtoto anayejua kasia anaweza kukuambia kwamba chombo kilikuwa kinaendeshwa na upepo kwa msaada wa kitu fulani kilicho juu, upepo ukaisha, kikateremshwa, sasa wanatumia nguvu za mikono. Atayasema yote hayo hajawahi kulisikia neno tanga kwa maana ya kitambaa cha chombo kinachoshika upepo. Jumamosi mpeleke Deep Sea wanakoteremsha samaki, aone ngalawa, na mvuvi yeyote atamwonyesha lenyewe.

Sasa tuje kwa kijana wa tuisheni. Ushauri wake una kweli ndani yake, ila ameuachia njiani. Kumwambia mtoto "kisia" bila kumwonyesha anakisia kwa kushika nini ni kumfundisha kubahatisha, na ndicho unachokiona anapokutazama usoni. Anayebahatisha hutafuta jibu kwenye uso wa mama. Anayekisia hulitafuta kwenye ukurasa. Kwa hiyo badilisha swali. Acha kumuuliza "maana yake nini?" peke yake. Kila akikupa jibu, liwe sahihi au la kukosea, muulize kwa sauti ile ile na uso ule ule: "Umejuaje?" Nasisitiza uso ule ule. Ukimuuliza umejuaje pale tu anapokosea, baada ya siku mbili atajua kwamba swali hilo ni jina jingine la "umekosa".

Naamini mama mkwe wako amewahi kumtegea vitendawili. Basi bibi amekwisha kumfundisha nusu ya kazi. Nyumba yangu haina mlango: jibu yai. Mtoto akijibu "sanduku" mnamkatalia, kwa sababu sanduku lina mfuniko. Jibu la kitendawili lazima likubaliane na kila neno lililotegwa. Neno geni kitabuni ni vivyo hivyo, limetegwa na maneno yaliyolizunguka, na jibu linaloridhia neno moja na kugombana na mengine halijafika. Mwambie hivyo hivyo, ataelewa mara moja.

Nimekutungia kifungu kifupi cha kuanzia. Uketi naye, asome kwa sauti:

"Mzee Sefu alidamka alfajiri, akatoa makasia yake tayari kwa safari ya Pangani. Alipofika ufukweni akakuta bahari imechafuka, mawimbi yanapiga kwa kishindo. Akaghairi safari. Akarudisha makasia ndani, akaketi barazani kushona nyavu zake."

Tuseme neno linalomshinda ni "akaghairi". Mazungumzo yanaweza kwenda hivi.

"Unadhani kughairi ni kufanya nini?"

"Kuanza."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu kuna safari."

"Vizuri, safari umeiona. Sasa lirudishe neno lako mahali pake usome tena, usiishie hapo, endelea mpaka mwisho."

"Akaanza safari. Akarudisha makasia ndani, akaketi barazani..." Hapo atanyamaza mwenyewe. Usimsaidie. Hesabu kimoyomoyo, tazama pembeni. "Haikai sawa, mama. Kama alianza safari mbona yuko barazani?"

"Ehe. Kwa hiyo?"

"Hakwenda. Aliacha."

"Umejuaje?"

"Bahari imechafuka, na karudisha makasia."

Tayari. "Kuacha" si maana kamili ya kughairi, kwa sababu kughairi ni kubadili nia uliyokuwa nayo. Unaweza kumwongezea hapo: "Ni kuacha jambo ulilokuwa umekusudia kulifanya. Ona, makasia alikwisha kuyatoa." Umemwambia maana, na mama mkwe ameridhika, lakini umemwambia baada ya yeye kupajenga mahali pa kuiweka. Ukimpa maana kabla hajahangaika, inaingia na kutoka, kama yale maneno kumi ya Ijumaa.

Siku mbili tatu za mwanzo fanya wewe, yeye asikilize. Soma kwa sauti, simama kwenye neno, fikiri mbele yake: "Hapa sijui. Ngoja niendelee kidogo... hapa wamesema lakini, kwa hiyo kinakuja kinyume... mmh, nadhani ni hivi, ngoja nirudi nijaribu." Unasema maneno mengine hata wewe huyajui. Hiyo ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, mwanangu. Mtoto anayemwona mama yake amekutana na neno asilolijua na hakukimbia, anajifunza kwamba neno geni halina aibu. Baada ya kile kicheko cha ndugu zake, analihitaji somo hilo kuliko la msamiati. Na wale ndugu waambie wazi: anayecheka, zamu yake ya kusoma inafuata.

Vidokezo vyenyewe vinakaa wapi? Vingine vimo ndani ya neno lenyewe, na hapa Kiswahili kina ukarimu. Mbali na ile "li" tuliyoiona, maneno yetu huzaa. Chukua sentensi hii: "Bibi alinunua ubani." Ukiishia hapo, ubani unaweza kuwa sukari, unaweza kuwa kitambaa. Mtoto akikuambia "sijui" kwenye sentensi kama hiyo, amesema kweli, mwambie asonge mbele. Inayofuata inasema: "Magharibi ilipoingia akaufukiza chumbani, nyumba nzima ikanukia." Sasa tuna mambo mawili. Kunanukia. Na ndani ya "akaufukiza" amejificha "fuka", lile la moshi unafuka. Mtoto akiondoa "aka" na "u" mwanzoni, kisha akaondoa mkia, anabaki na neno analolisikia jikoni kila siku. Kitu kinachotoa moshi na kunukia: amefika. Mzoeze kuyavua maneno marefu hivyo, na atagundua kuwa mengi aliyoyaogopa ni ndugu wa maneno anayoyajua.

Vingine vimo kwenye maneno madogo yanayounganisha, nayo ndiyo watoto huyaruka: yaani, kama vile, lakini, bali, ingawa, badala ya. "Yaani" ikitokea, mwandishi anakaribia kukupa maana mkononi. "Lakini" na "ingawa" zinakuambia kinyume kinakuja. Mbaya zaidi kurukwa ni ile "ha" ya kukanusha. Mpe hii: "Mzee Kombo hakuwa bahili, kila mgeni aliyebisha hodi kwake alikula akashiba." Msomaji wa mbio ataona mgeni, ataona kushiba, atakuambia bahili ni mtu mkarimu. Muulize umejuaje, atakuonyesha "alikula akashiba", na atakuwa na haki. Hapo mwekee kidole kwenye "hakuwa" na unyamaze. Nimeuona mtego huu ukiwanasa hata watu wazima, na kwa kuwa binti yako anasoma haraka na kwa kujiamini, nina hakika unamnasa mara nyingi. Kasi yake ile mnayoisifia mbele ya wageni ndiyo inayomvusha juu ya silabi moja inayogeuza sentensi nzima.

Mara nyingine hahitaji maana kamili. "Wavuvi walileta changu, tasi na vibua." Anayejua changu na vibua anajua kwamba tasi ni samaki, yatosha, asonge mbele. Mkisimama kwenye kila neno hadithi itakufa, na mtoto anayechoshwa na hadithi haokoti neno lolote.

Sasa nikutahadharishe jambo ambalo wanaohimiza kukisia huwa hawalisemi. Si kila sentensi inamsaidia msomaji. Mwaka 1983 huko Marekani, Isabel Beck na wenzake waliandika kwamba mazingira ya neno kwenye maandishi hayafanani: mengine huelekeza moja kwa moja kwenye maana, mengine hugusia kwa mbali, mengine hayasemi kitu, na mengine hupotosha kabisa. Hayo ya mwisho yapo hata kwenye hadithi za watoto. Soma hii: "'Umependeza sana leo,' alisema Mwanaisha kwa kejeli." Mtoto atakuambia kejeli ni upendo, au furaha, na ushahidi anao. Hajakosea kufikiri, sentensi ndiyo imemdanganya. Huyu usimwache ahangaike. Mwambie: "Umefikiri vizuri, lakini hapa Mwanaisha anamdhihaki mwenzake, anasifia huku anamcheka." Basi, endeleeni. Mama mkwe wako ana haki kwenye maneno ya namna hii. Vilevile akikutana na "kala chumvi nyingi", ambako kila neno analijua ila kwa pamoja yanasema jambo jingine, mfundishe kuhisi tu kwamba maana ya kawaida haikai, kisha aulize. Na bibi ndiye kamusi bora ya hayo hapo nyumbani.

Kuna maneno ambayo nakuomba yasikisiwe kamwe: yaliyo kwenye dawa, kwenye sumu ya wadudu, na kwenye mabango ya hatari kama yale ya umeme. Hayo anauliza mtu mzima kabla hajagusa. Umwambie waziwazi, maana mtoto aliyefurahia kukisia atataka kukisia kila mahali.

Kamusi je? Usiitupe, ibadilishie zamu. Ije mwisho, kama mwamuzi wa kile alichokwisha kukisia. Ikija mwanzo inamchanganya, kwa sababu haimpi maana moja. Mtoto akisoma "Mama alikuwa anapaa samaki" akaenda kwenye kamusi, atakuta paa la nyumba, paa mnyama wa porini, paa kwenda juu angani, na paa kuondoa magamba. Achague ipi? Atachukua ya kwanza, na tutakuwa na nyumba yenye samaki darini. Ila akiwa amekwisha kusema "nadhani ni kitu anachomfanyia samaki kabla ya kumpika", atazipita tatu na kusimama kwenye magamba. Mtihani nao unauliza hivyo, "kama lilivyotumika katika habari". Maneno hayo manne mchoree mstari kwa penseli kila akiyakuta.

Kwa hiyo usigombane na mwalimu. Ana darasa limejaa na anafanya anachoweza. Wewe yachukue yale maneno kumi nyumbani, na kabla binti hajafungua kamusi, mtungieni kila neno sentensi au mlitafute lilipotumika kwenye kitabu. Kama siku hairuhusu yote kumi, fanyeni manne. Yaliyobaki ayaandike kama kawaida.

Halafu usitegemee kwamba neno likikisiwa mara moja limekaa. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Swanborn na de Glopper, walijumlisha matokeo ya tafiti 20 kuhusu wanafunzi wanaokutana na maneno mapya wakiwa wanasoma kawaida tu. Walikuta kwamba kati ya maneno mageni 100, wanafunzi walijifunza takriban 15. Ni machache, na ndiyo sababu mtoto anahitaji kusoma kingi na kulikuta neno lile lile tena na tena. Waligundua pia kwamba maneno mageni yanapokuwa machache kati ya yale yanayojulikana, ndivyo mtoto anavyojifunza zaidi. Hilo lina kazi kubwa kwako. Kitabu ambacho kila mstari una neno geni hakina vidokezo, kwa sababu vidokezo vyenyewe ni maneno anayoyajua. Mwambie akunje kidole kwa kila neno geni kwenye ukurasa. Ngumi ikifumba kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kinasubiri, au msome pamoja. Asione haya kurudi kwenye vitabu vya darasa la tatu. Kama vitabu ni vichache nyumbani, mjini kuna Maktaba ya Mkoa, na siku unapokwenda kununua mzigo wa genge unaweza kumpitisha huko.

Suala la tuisheni: usiongeze siku. Fedha hiyo inunue vitabu viwili vya hadithi. Na yule kijana mwombe jambo moja tu, kwamba kila akimwambia binti akisie, amuulize na amejuaje.

Nimebakiza mdogo wake, na hapa sikiliza vizuri kwa sababu ugonjwa wake ni mwingine, na dawa ya dada yake inaweza kumdhuru. Binti yako anasoma neno sawasawa, maana ndiyo haijui. Huyu wa darasa la pili inaelekea halisomi neno lenyewe. Kama kitabu kimeandika "Baba akamwaga samadi shambani", na yeye akaona herufi za mwanzo akasema "samaki", hapo hajakisia maana, ameruka herufi. Usimwambie atazame picha, wala usimwambie "jaribu neno litakalokaa sawa hapo". Mrudishe kwenye neno: sa, ma, di. Asome silabi zote mpaka ya mwisho, kwa kidole kama ni lazima. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo hana sababu ya kubuni neno ambalo herufi zake ziko mbele yake. Akishalisoma sawasawa ndipo muulizane samadi ni nini, na hapo picha ya shamba inakaribishwa. Njia nzuri ni kuifunika picha kwa karatasi, asome ukurasa, kisha aifunue aone kama habari aliyoielewa ndiyo iliyochorwa. Watoto wanaupenda sana mchezo huo.

Kwa wakati huu kumsomea kwa sauti kunamsaidia zaidi kuliko mazoezi. Mtoto wa umri wake anaelewa kwa masikio hadithi ngumu kuliko anazoweza kuzisoma, na maneno anayoyasikia leo kwako au kwa bibi ndiyo atakayoyatambua kesho kitabuni. Bibi asimulie kwa Kiswahili chake cha Tanga chote, asikilahisishe. Kama ana Kidigo au Kibondei chake, akichanganye tu, hakuna kitakachoharibika. Mambo ya baharini, ya shambani, ya harusini, majina ya vyombo vya jikoni vya zamani: yote hayo ni akiba.

Robo saa kwa siku inatosha kwa binti wa darasa la nne. Maneno mawili au matatu tu ya kusimamia, mengine yapite. Siku ukichoka, someni hadithi bila kuuliza chochote.

Mpe muhula mzima kabla hujapima. Dalili ya kwanza haitakuwa alama za mtihani. Utamsikia amesimama mwenyewe katikati ya sentensi, amerudi nyuma, amesoma tena polepole. Ukimwona hivyo usimharakishe, na mwambie baba yake asimharakishe mbele ya wageni. Ikiwa muhula utaisha na bado anakupita mbio huku anakisoma kila kitu kwa sauti ile ile, nenda ukaonane na mwalimu wake ana kwa ana, mkamsikilize pamoja akisoma kifungu asichokijua. Yule mdogo naye, kama ataendelea kuchanganya herufi zinazofanana hata baada ya wiki kadhaa za kusoma silabi kwa silabi, mpeleke hospitali apimwe macho kabla ya kufikiria jambo jingine.

Uniandikie ulipofikia.

Shangazi